Interni wanajua kutibu, kuwaambia ndugu kwamba mgonjwa amefariki hawajui. Wenzangu mnawafundishaje?

Zamu ya Usiku
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, hospitali moja ya mkoa. Nasimamia interni wanaokuja kufanya ule mwaka mmoja baada ya chuo. Kutundika dripu, kusoma picha ya kifua, kuhangaika na mgonjwa mahututi saa tisa usiku, hayo wanayaweza. Kazi inakuja mgonjwa akifariki na ndugu wako nje kwenye benchi.

Juzi kijana wangu mmoja alitoka akawaambia, "Tumejitahidi sana lakini hatukufanikiwa." Mama wa watu akamjibu, "Basi daktari, tuandikie rufaa tumpeleke Muhimbili." Kijana akakosa la kusema, akaitikia kwa kichwa. Nafika mimi, wazee wanachangishana hela ya gari la wagonjwa.

Ile SPIKES, mwongozo wa hatua sita wa kumpa mtu habari mbaya, wanaitaja kama sala. Ila ilichapishwa mwaka 2000 na madaktari wa saratani wa Marekani na Kanada, na hatua ya kwanza ni kutafuta mahali pa faragha. Kwetu faragha ni stoo ya mashuka. Nawasilisha.

Sista Mstaafu
Pole na kazi dokta. Kwanza neno lenyewe. Aseme "amefariki". Siyo "hatunaye", siyo "hali imebadilika". Ukimwambia mama kwamba mwanawe amepumzika, atakuuliza ataamka saa ngapi. Akishalisema, anyamaze. Hapo ndipo vijana wanapoharibu: kimya kinawatisha, wanaanza kueleza figo na potasiamu. Nani anasikia muda huo?

Halafu asiende peke yake. Aende na muuguzi aliyemhudumia mgonjwa, ndiye ndugu wanamjua sura. Na wakae chini. Hiyo stoo toeni mashuka, wekeni viti vinne.

Mjukuu wa Bibi Hadija
Mimi si daktari. Baba alipofariki, daktari alitoka akauliza, "Mkubwa wenu nani hapa?" Tukamwonyesha baba mdogo. Wakaenda pembeni, kisha baba mdogo akarudi akatuambia mwenyewe. Mama ana presha, angeambiwa ghafla pale koridoni tungekuwa na misiba miwili. Yule daktari namheshimu mpaka leo.

Kisu Butu
Kwa aliyekwisha kufariki, sawa. Ila msiwafundishe hivyo kwa mgonjwa aliye hai na akili zake timamu. Majibu ya kinyama, kile kipande kinachokatwa mwilini kwenda kupimwa, yanatoka, ni saratani, ndugu wanakuvuta shati: "Daktari, usimwambie." Interni anakubali kwa sababu amepata upenyo wa kukwepa. Kesho mgonjwa anapewa rufaa ya Ocean Road. Hata konda wa daladala anajua pale wanatibu nini!

Mimi nawaambia wamuulize mgonjwa mapema, siku ile ile anapokatwa kinyama: "Majibu yakija nikuambie wewe, au kuna mtu ungependa awepo?" Akisema aitwe mwanawe, amechagua mwenyewe.

Zamu ya Usiku
Hilo la kuuliza mapema nimelichukua. Na simu je? Mgonjwa amefariki hapa usiku, ndugu pekee yuko Tunduma.

Sista Mstaafu
Muulize kwanza yuko wapi na yuko na nani. Kama anaendesha, aegeshe. Kisha mwambie ukweli. Ukisema "hali ni mbaya, njoo", atakaa kwenye basi siku nzima anamwombea uponyaji maiti.

Mjukuu wa Bibi Hadija
Sista, hapo sikubaliani na wewe. Akijua yuko peke yake usiku ule, nani atamshika? Sisi mtu huitwa nyumbani kwanza, akikuta turubai anaelewa.

Kisu Butu
Siku hizi kabla hajafika stendi keshaiona kwenye grupu la ukoo. Bora aisikie kwa daktari.

Zamu ya Usiku
Alhamisi baada ya raundi tunafanya igizo. Yule kijana wa "hatukufanikiwa" simpi udaktari kwanza, atakaa kwenye benchi awe ndugu. Sista, uko mkoa gani?

Sista Mstaafu
Tanga. Nitumie nauli, nije niwe mama mkwe mwenye lawama. Hao watoto watatoka jasho.