Kutoka brasi bendi ya shule hadi bendi ya zilipendwa: nifanyeje nisiikimbize bendi?

Kijiti wa Moro aliuliza:

Wapiga vyombo wenzangu, salaam. Walionizidi umri, shikamooni.

Nilijifunza ngoma nikiwa kidato cha pili, katika brasi bendi ya shule yetu hapa Morogoro. Nilivishwa mkanda begani, nikakabidhiwa ngoma ndogo, na kwa miaka mitatu nikawa mtu wa mahafali, siku ya wazazi na magwaride ya uwanjani. Mwalimu wetu, askari mstaafu, alitufundisha kusoma nota na kupiga roli ndefu isiyokatika, ambayo hadi leo naiweza hata nikiamshwa usiku wa manane. Baada ya shule sikugusa kijiti kwa miaka 11. Sasa ninauza vifaa vya ujenzi, na miezi minne iliyopita jirani yangu anayecharaza gitaa la besi alinivuta katika bendi yao, kwa kuwa mpiga drams wao (seti ya ngoma na matoazi anayopiga mtu mmoja ameketi) alihamia Dodoma. Tuko sita. Hatuna wimbo wetu hata mmoja. Tunapiga zilipendwa za bendi za dansi za zamani, Cuban Marimba, Morogoro Jazz, Sikinde na Maquis, Jumamosi ukumbini na siku nyingine kwenye harusi.

Kiongozi wetu analalamika kwamba ninawakimbiza. Nilibisha, hadi niliporekodi onyesho zima kwa simu na kusikia mwenyewe: wimbo unaanza kwa mwendo wa kutembea na kuisha kwa mwendo wa kufukuzwa na mbwa. Isitoshe, niliziandikia nyimbo zote nota, nikaja na stendi yangu ya karatasi, wenzangu wakacheka mpaka mazoezi yakasimama. Je, nota niziache? Na je, ninunue drams zangu? Tunazotumia ni za mwenye ukumbi, ngozi zake zimelegea na pedali ya kupigia ngoma kubwa kwa mguu inalia kama bawaba kavu.

Mzee wa Tumba alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimepiga tumba, zile ngoma ndefu za mikono, katika bendi za Dar es Salaam kwa muda mrefu, na vijana waliotoka kwenye brasi bendi nimewapokea wengi. Wote huja na mikono mizuri na masikio yaliyofungwa. Usikasirike, hivyo ndivyo mlivyolelewa. Katika gwaride ngoma ndiyo inayoamuru, miguu mia mbili inaifuata, na mpigaji hana haja ya kumsikiliza mtu. Katika dansi unawakuta wenyeji wawili wamekwisha kaa, nao ni besi na tumba.

Sikiliza tena rekodi za Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na bendi yake ya Cuban Marimba. Muziki ule ulijengwa juu ya mapigo ya santuri za Kikyuba zilizokuwa zikiuzwa huku kwetu, na humo tumba na manyanga ndivyo vinavyobeba wimbo. Ukiziba kila upenyo kwa roli zako, unamnyang'anya mpiga tumba kazi yake, naye kwa hasira ataongeza nguvu, na hapo mashindano yameanza.

Sasa nikueleze ninavyodhani unakimbia kwa nini. Wimbo wa dansi, hasa wa akina Sikinde, una sehemu mbili: ya kwanza mwimbaji anasimulia kisa chake, watu wamekaa wanasikiliza; ya pili ni chemko, magitaa yanashika usukani na meza zinabaki tupu. Wewe, kwa mazoea ya uwanjani, unaitumia sauti yako yote katika sehemu ya kwanza. Chemko likifika na wenzako wanapanda, huna tena sauti ya kuongeza, basi unaongeza mwendo. Katika sehemu ya kwanza mkono wa kulia uende taratibu juu ya haihati iliyofungwa, yale matoazi mawili ya kufunga kwa mguu, na ufuate maneno ya mwimbaji. Ndiyo, ujue maneno yote. Mpiga drams asiyejua wimbo unasema nini hawezi kujua mwimbaji anavuta pumzi wapi.

Dawa yangu ni kali: fanya mazoezi mawili mazima bila snea, ile ngoma ndogo yako. Iondoe kabisa, ubaki na mguu, haihati na besi ya jirani yako.

Nyimbo za Maquis, hata hivyo, usizitendee hivyo. Wale walikuja kutoka Zaire miaka ya 1970, wakati ambao kule Kinshasa Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa alikuwa ameshalitia moto pigo la cavacha, ambamo drams kweli ndizo zinazosukuma. Humo roli zako za shule zitakufaa sana, alimradi mguu usitetereke. Kwa hiyo usiulize tu wimbo una mwendo gani. Uliza pia umetoka nyumba ipi.

Mwalimu wa Muziki, Mombasa alijibu:

Ninakubaliana na Mzee karibu kwa yote, ila ninaongeza jambo la mwili ambalo wapiga tumba hawalioni. Kaka, unashikaje kijiti cha kushoto? Kama kiganja chako kinatazama juu, mshiko huo ulitokana na ngoma kuning'inia upande kwenye paja. Drams zimelala juu ya stendi, na mshiko wa mikono yote miwili ikitazama chini utakupunguzia nguvu usizozihitaji.

La pili ni miguu. Shuleni ngoma kubwa ilipigwa na mwenzako, na miguu yako ilikuwa ya kutembelea tu. Watu wawili watatu wa brasi bendi waliunganishwa wakawa mtu mmoja aliyeketi pale ilipopatikana pedali ya kufaa, na ile ya William Ludwig ya mwaka 1909 ndiyo iliyoenea. Mguu wako wa kulia, kwa hiyo, una umri wa miezi minne huku mikono ikiwa watu wazima. Mwendo wa gwaride nao ni kama hatua 116 hadi 120 kwa dakika, nao umekaa mwilini mwako. Mwili ukichoka unarudi kule ulikozoea. Weka metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 90 kwa dakika, upige nusu saa kila siku mguu peke yake, hata kama ni kukanyaga sakafu tu dukani.

Nota usizitupe. Andika ukurasa mmoja kwa kila wimbo: beti ngapi, tarumbeta zinaingia wapi, chemko linaanza baada ya neno gani, nani anatoa ishara ya kumaliza. Ukariri, kisha karatasi ibaki nyumbani.

Mzee wa Tumba alijibu:

Metronomu ni askari mwingine, na kijana huyu ametoka kwa askari juzi tu. Lakini kwa mguu peke yake, sawa, nakubali.

Binti wa Besi, Unguja alijibu:

Kuhusu kununua: usinunue seti nzima. Nunua snea, pedali, kiti na vijiti, uwe unakwenda navyo na kurudi navyo. Ngoma kubwa na matoazi yabaki ya ukumbi. Hivyo vinne vya kwanza ndivyo vinavyogusana na mwili wako moja kwa moja, na ndivyo vinavyokutesa vikiwa vibovu. Seti nzima itakudai usafiri kila Jumamosi, na bendi ikishazoea kwamba vyombo ni vyako, utashangaa unavyogeuka dereva na mlinzi wake. Kabla hujatoa hata senti, mkubaliane mwenye chombo analipwa nini zaidi. Katika dansi mambo mengi yameharibikia hapo kuliko kwenye muziki wenyewe.

Na uzibe masikio kwa vizibo vya sponji, pamba haitoshi.

Kijiti wa Moro alijibu:

Nawashukuru nyote. Kiganja cha kushoto kweli kilikuwa kinatazama juu, na sikuwahi kujua sababu yake.

Jana tumefanya mazoezi ya kwanza bila snea. Wenzangu walidhani imeibwa. Kwa nyimbo za Morogoro Jazz nilijihisi kama mtu aliyesahau shati nyumbani, lakini niliporudia rekodi ya simu, sehemu ya kwanza ilikuwa imetulia kabisa, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba mpiga tumba wetu hubadilisha pigo kila mwimbaji anaporudia kiitikio. Miezi minne tumekaa naye bega kwa bega na sikuwa nimelisikia hilo. Chemko bado lilikimbia kidogo, ingawa safari hii kiongozi amesema mkimbiaji ni mkung'uta gitaa la solo.

Mazoezi mengine ni Alhamisi, bila snea pia. Jumamosi tuna harusi Kihonda, na pedali mpya nimeshaiagiza kutoka Kariakoo.