Aliyebadilisha chaneli mzunguko wa 400, njoo ujibu hapa

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua. Yule anayekuja kwenye shughuli na soda moja, anaondoka na sufuria la pilau.

Tulikuwa tunaangalia Coca-Cola 600, mbio za magari za NASCAR, hapa hapa Charlotte, Marekani. Maili 600, karibu kilomita 965. Ungetoka Dar ungeipita Mbeya. Mizunguko 400! Tumekaa tangu jua halijazama, umebaki mmoja, wawili wanaoongoza wamebanana bampa kwa bampa. Bwana mkubwa akanyanyua rimoti AKABADILISHA CHANELI. Eti "hawa wanazunguka kushoto tu kama ngamia wa kinu, tuone taarifa ya habari."

Ngamia wa kinu! Mwaka 1987 dereva Bill Elliott aliuzunguka uwanja wa Talladega kwa kilomita 342 kwa saa. Kona za pale zimelala nyuzi 33, ukizipanda kwa miguu unahema. Ngamia gani huyo?

Na mzunguko wa mwisho ndio mbio zenyewe! Uwanja wa Martinsville 2022, dereva Ross Chastain alihitaji kupita magari mawili tu aingie fainali ya msimu. Akaliegemeza gari ukutani, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akapita matano. Mzunguko wa mwisho! Uwanja wa Kansas 2024, dereva Larson alimshinda mwenzake Buescher kwa sekunde 0.001. Mtu akigusa rimoti hapo amekuua.

Aliporudisha, mshindi ameshashuka garini. Akaniambia, "si utaona marudio." MARUDIO!

Mzee wa Gereji: Pole mkuu, ila umeona 399. Huo mmoja ndio unataka tufungue kesi?

Binti Pangani: Namjua huyo. Kwangu alichomoa waya wa TV penati ya tano, achaji simu yake.

Kibe wa Nax: Wacheni hizo. Kujeni Naivasha muone Safari Rally. Ilirudi WRC, ubingwa wa dunia wa rally, mwaka 2021, gari inapanda, inashuka, inameza vumbi. Hapo dereva anajulikana. Kuzunguka uwanja hata mimi naweza.

Mleta uzi: Wewe ndiye yeye, umebadilisha jina tu. NYUZI 33!! Na gari liko sentimita chache nyuma ya mwenzake, linavutwa na upepo wake. Kaa hapo kwanza ndiyo uje useme unaweza.

Binti Pangani: Naivasha nilikwenda. Vumbi nililila, magari sikuyaona. Watu wote wameipa mgongo barabara, wanachoma nyama.

Kibe wa Nax: Hiyo ni shida ya mahali ulisimama, madam. Na nyama ulikula?

Binti Pangani: Nilikula. Bei yake ndiyo iliyoniumiza, nitaifungulia uzi wake.

Mzee wa Gereji: Afadhali nyinyi mna vumbi la bure. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kimepandisha kiingilio, halafu feni wameitoa.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. MZUNGUKO WA MWISHO!

Binti Pangani: Feni wameipeleka wapi?

Mzee wa Gereji: Nyumbani kwa mwenye kibanda. Nani anajua kibanda kingine Mbagala chenye hewa? Kesho Simba na Yanga.