Jikoni nyumbani mama, jikoni hotelini kaka: mbona?

Bint Mkomani:
Jamani, nina swali na sitaki matusi. Kakangu ni mpishi wa hoteli moja huko Shela, kisiwani Lamu. Ana kofia nyeupe, ana mshahara, na wageni wapiga naye picha. Aliyemfundisha ni mamangu, ambaye tangu azaliwe hajalipwa hata shilingi kwa kupika. Juzi niko jikoni na mama, simu yalia: "Mama, tui limekatika na wageni washaketi!" Mama mikono imejaa unga wa mahamri, nikamshikia simu sikioni. "Umetia kasimele, lile tui zito la kwanza, mapema. Anza na tui la pili, kasimele mwisho, moto upunguze, usifunike wala usiache kukoroga." Wageni wakala, bakshishi akapata yeye. Siku ya pili yuko likizo, ameketi barazani, auliza chakula kiko wapi. Basi niambieni: mbona upishi ukiwa na malipo ni wa mwanamume, usipokuwa nayo ni wa mwanamke?

Nahodha Mstaafu:
Binti, mwanamume kupika si jambo geni hapa Lamu. Jahazini tulikuwa twawasha moto ndani ya sanduku la mchanga, chombo chaenda mrama na wali hauungui. Na Maulidi pale msikiti wa Riyadha, yale masufuria ya pilau husimamiwa na akina nani? Wanaume. Lakini nyumbani ni mambo mengine. Ukiona mume akuna nazi kila siku, huyo amekaliwa chapati: mkewe ameikalia kwanza kisha akamlisha, apate kumtawala.

Kijana wa Langoni:
Hahaha! Ami umemaliza, mjadala ufungwe.

Mama Sambusa:
Haufungwi. Ami, kwa heshima zako zote, mume wangu akuna nazi mwaka wa kumi na tisa huu kwa sababu bega langu bovu. Hupanda mbuzi ya kukunia nazi kabla hajaambiwa. Sijamkalia chapati wala mkate wa mofa. Hebu nifahamishe, nikishaikalia hiyo chapati, niile na mchuzi gani?

Mgeni wa Nyeri:
Mimi niko Lamu kikazi, miezi miwili sasa. Nilidhani mambo ya chapati ni ya Nairobi. Kumbe hata huku?

Kijana wa Langoni:
Chapati ni maneno ya bara. Huku twasema limbwata, na lipo. Nina jirani, tangu aoe hana sauti. Ukimwita mkacheze bao, mpaka apige simu kwanza.

Bint Mkomani:
Hilo si limbwata, ni ndoa. Turudini kwenye swali langu, tafadhali.

Kijana wa Langoni:
Mbona zamani alikuwa hasuuzi hata kikombe?

Mama Sambusa:
Wewe kijana, chapati zako za asubuhi wanunua wapi?

Kijana wa Langoni:
Kwa jamaa mmoja karibu na soko. Kwani?

Mama Sambusa:
Jamaa. Akanda yeye, asukuma yeye, nyuma ya pazia la kibanda chake humuoni afanyalo. Miaka yote wazila na mate yakutoka. Lakini mkono wa mkeo ndio una limbwata?

Nahodha Mstaafu:
Jamaa wa chapati hatafuti mume, Mama Sambusa.

Ustadhi wa Darsa:
Samahani naingilia. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mke halazimiki kumpikia mumewe. Akipika ni hisani yake. Na Bi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia ahli zake, na swala ikiingia hutoka kwenda kuswali. Imo kwa Bukhari.

Nahodha Mstaafu:
Ustadhi, mimi sikutaja dini, nimetaja chapati. Halafu hiyo "halazimiki" mbona sijawahi kuisikia darsani?

Ustadhi wa Darsa:
Kwa sababu darsani wewe hulala, ami.

Mpishi Mwenzake:
Mimi neno "bakshishi" limeniuma. Mwadhani hoteli ni picha na kofia? Nasimama mbele ya moto kwa muda wa saa tisa, mafuta yanirukia, na mgeni arudisha samaki kwa kuwa ana kichwa. Zamu yaisha saa tano usiku, na boti ya kurudi Amu, mjini Lamu, kwa saa hizo ni ya kutafuta. Nani atamwachia mkewe afanye kazi hiyo? Msitulaumu sisi wapishi.

Bint Mkomani:
Kwa hivyo shida si mkono wa mwanamke, ni boti.

Mpishi Mwenzake:
Sijasema hivyo.

Mama Sambusa:
Umesema. Na harusi ikiwa upande wa pili, sisi twakesha twakata vitunguu mpaka alfajiri, mbona usiku huo hauna giza? Kisha aja bwana mmoja na mwiko mrefu, ageuza biriani mara mbili, kesho mji mzima wamsifu yeye.

Kijana wa Langoni:
Lakini biriani yake si tamu?

Mama Sambusa:
Vitunguu vyangu ndivyo vitamu.

Mgeni wa Nyeri:
Niulize kando kidogo. Huyo wa chapati karibu na soko hufungua saa ngapi?

Kijana wa Langoni:
Saa kumi na mbili. Ila wiki hii hutampata. Mkewe amejifungua, yuko nyumbani ampikia uji wa pilipili manga.

Mgeni wa Nyeri:
Sasa huyo naye amekaliwa?

Nahodha Mstaafu:
Tena kwa chapati zake mwenyewe.