Naombeni ushauri: nisimulie kisa cha mzee wangu jukwaani au niache?

Wakuu, habari za wakati huu. Niko Chicago mwaka wa sita sasa. Mwezi ujao nataka kujaribu jukwaa la kusimulia visa liitwalo The Moth, lile lililoanzishwa New York mwaka 1997 na mwandishi George Dawes Green. Kwenye mashindano yao kisa kiwe cha kweli, kiwe chako mwenyewe, dakika tano, bila karatasi. Unatia jina kwenye mfuko, likichomolewa unapanda. Waamuzi wanachaguliwa humo humo kati ya watazamaji.

Kisa changu ni cha baba. Alikuwa fundi cherehani Tanga, akatuficha miaka miwili kwamba macho yanamsumbua. Tulijua siku aliponishonea suruali ya shule mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, nami nikaivaa hivyo hivyo. Watu watacheka, najua. Lakini mzee yu hai, tena mtu wa staha. Kumtoa mbele ya umati achekwe na kila mtu, hata kama hatasikia, roho inanisuta. Nimpigie simu nimwombe ruhusa? Akikataa je?

Lingine dogo: kwa Kiswahili dakika tano zinanitosha, kwa Kiingereza nafika saba na utamu wote umemwagika. Mliowahi kushika maiki, hata kwenye harusi, mnafanyaje bila kukariri neno kwa neno? Mimi nikikariri nasikika kama nasoma taarifa ya habari.