Muda wa mwisho haujafika, maji na mishale mmeshaondoa: waandaaji wa mbio za hatua wametufutia timu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Waandaaji wa mbio za hatua tatu tulizokimbia wikiendi iliyopita wamemfuta mwenzetu kwenye matokeo, na timu yetu nzima ikafutwa pamoja naye, kwa kosa walilolifanya wao wenyewe. Jina lao silitaji. Sina haja ya kumchafua mtu. Ninachotaka kujadili ni kitendo chenyewe, maana mlioko kwenye mbio za ridhaa mnajua kinafanyika sehemu nyingi na watu wanakimeza kimya kimya.

Kwa asiyezijua mbio za hatua: unakimbia leo, unalala, kesho unakimbia tena, na keshokutwa tena. Muda wa kila siku unajumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Sisi tuliingia kama timu ya watu wanne. Sheria ya timu ilikuwa wazi: muda wa wote wanne unajumlishwa, na akikosekana mmoja hata kwa hatua moja, timu inatoka kwenye orodha. Sheria hiyo tuliipenda kwa dhati. Ndiyo iliyotufanya tufanye mazoezi pamoja muda wote ule, aliye mbele anageuza na kumrudia aliye nyuma, kwa sababu mwenye kasi hana faida yoyote kama wa mwisho hajafika.

Wa mwisho wetu ni dada mmoja. Si mtu wa kasi na hajawahi kujidai kuwa nayo. Ni mtu ambaye ukimpa kilomita 25 atazila kwa mwendo uleule tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na akisema atafika anafika. Sisi watatu tunamtegemea kuliko tunavyojitegemea wenyewe.

Siku ya kwanza sina la kulalamikia. Njia ilikuwa na alama, maji yalikuwepo, wa kujitolea walikuwa wachangamfu, tukalala tukiwa na furaha.

Sasa siku ya pili. Hatua ya kilomita 25, muda wa mwisho masaa manne na nusu. Maelezo waliyotutumia kwa maandishi yalisema vituo vya maji viko kila kilomita tano, na yakaongeza kwamba hakuna haja ya mkimbiaji kubeba maji yake. Hebu pigeni hesabu pamoja nami. Kilomita 25 kwa masaa manne na nusu ni karibu dakika 11 kwa kilomita. Mkeka wao wa chipu, ule unaonasa muda wa mkimbiaji anapoukanyaga, pale kilomita ya 10 ulimsoma dada yetu kwa saa moja na dakika 32, yaani dakika tisa na sekunde chache kwa kilomita. Hiyo si saa ya mkononi mwake, ni mtambo wao. Alipofika kilomita ya 15 alikuwa ametumia masaa mawili na dakika 20. Mtu anayekwenda kwa mwendo wa kumalizia dakika ya mwisho kabisa angefika pale kwa masaa mawili na dakika 42. Alikuwa na akiba ya zaidi ya dakika 20.

Kituo cha kilomita ya 15 hakuwepo mtu. Meza hakuna. Kulikuwa na ardhi iliyolowa, vifuniko vya chupa vimetapakaa na boksi moja lililochanika. Yeye na wakimbiaji wengine wawili waliokuwa karibu naye walianza kuokota chupa zilizotupwa na waliotangulia, wakitafuta zilizobaki na funda moja moja. Watu wazima waliojisajili na kulipia, wanainama pembeni ya njia kunywa mabaki ya wengine kwenye jua. Aliponisimulia hilo jioni nilishindwa kujibu.

Kilomita mbili mbele kuna njia panda. Waliopita mapema wanasema palikuwa na mshale mkubwa wa kukata kulia na utepe kwenye mti. Wao watatu hawakukuta mshale. Utepe ulikuwa umebaki kipande cha ukubwa wa kidole kimefungwa kwenye tawi, na ncha yake imekatwa ikanyooka, imekatwa kwa kisu au mkasi. Dada yetu alikaona kale kapande baadaye, alipokuwa anarudi. Wakati wa kwenda wakanyoosha moja kwa moja, kwa sababu barabara kubwa ndiyo iliyonyooka na ndivyo yeyote kati yetu angefanya. Walikwenda karibu kilomita mbili kabla ya kuhakikisha kwamba wamepotea, wakageuza. Jumla kilomita tatu na nusu za ziada, na hakuna maji.

Akafika mwisho akiwa amechelewa kwa dakika 11. Kilomita 28 na nusu kwenye miguu, badala ya 25. Mkeka ulikuwa umeshakunjwa. Tao la kumalizia lilikuwa linatolewa upepo. Sisi watatu tulikuwa tumesimama pale tukiwauliza wahusika tangu mapema yuko wapi mwenzetu, na hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakukuwa na mtu yeyote nyuma yake wa kuhakikisha kwamba wa mwisho amepita. Matokeo yalipotoka mbele ya jina lake paliandikwa: hakumaliza. Na jina la timu yetu halikuwepo.

Kijana mmoja wa kujitolea, Mungu ambariki, alituambia ukweli. Mishale na meza za hatua ya pili ndizo hizohizo zilizotakiwa kupangwa usiku ule kwenye njia ya hatua ya tatu. Gari lilikuwa moja. Wakaambiwa waanze kukusanya mapema ili liwahi. Nimelielewa tatizo: mbio za hatua zina mzigo ambao mbio za siku moja hazina, vifaa havipumziki kama miguu isivyopumzika. Lakini hilo ni la mwandaaji kulitatua kabla hajafungua usajili. Aongeze mishale, akodi gari la pili, apunguze muda wa mwisho na atutangazie mapema tuamue kama tunaingia. Asichoruhusiwa ni kututangazia masaa manne na nusu kisha aiendeshe njia kwa masaa matatu.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke kwa kila mtu anayeandaa mbio. Muda wa mwisho ni ahadi ya pande mbili. Mimi naahidi kwamba nikichelewa sitagombana na mtu, nitavua namba kifuani na kupanda gari. Wewe unaahidi kwamba hadi dakika hiyo njia ni yangu sawasawa na ilivyokuwa ya aliyeshika nafasi ya kwanza. Tazameni Comrades kule Afrika Kusini, mbio za karibu kilomita 90 zilizoanza mwaka 1921. Masaa 12 yakitimia, anayepiga bastola ya kufunga husimama akiwapa wakimbiaji mgongo, ili asimwone anayekuja na kumhurumia wala kumkomoa. Wapo wanaokatwa wakiwa hatua chache tu kutoka kwenye mstari, inauma, lakini wanaikubali kwa sababu sekunde ya mwisho ilikuwa yao. Na kule Marathon des Sables, mbio za hatua kwenye jangwa la Moroko, nyuma ya wote hutembea ngamia. Wakikupita umetoka. Ni ukali, ndiyo, lakini kila mtu anajua mwisho wa msafara uko wapi.

Sisi nyuma yetu hakukuwa na ngamia, baiskeli wala binadamu. Na kwa wanaosema tunakuza mambo, kwamba kupotea kidogo hakujaua mtu: mwaka 1994, kwenye mbio hizohizo za Moroko, Mauro Prosperi wa Italia alipotezwa na dhoruba ya mchanga, akaja kupatikana zaidi ya wiki moja baadaye akiwa ndani ya Algeria. Ile ilikuwa dhoruba. Ya kwetu ilikuwa mkasi wa mwandaaji.

Jioni tulikwenda kulalamika rasmi. Majibu tuliyopewa yanastahili kusomwa na kila mtu.

La kwanza, eti saa za mkononi hukosea, kwa hiyo kilomita tatu na nusu za ziada haziaminiki. Ni kweli saa hukosea, hasa chini ya miti mingi na kati ya majengo marefu, na kwenye mbio ya kilomita 25 inaweza kukupa mita mia kadhaa zisizokuwepo. Haiwezi kubuni barabara nzima. Mstari uliochorwa na saa ya dada yetu unakwenda na kurudi palepale. Na tukianza kubishana kuhusu vipimo, ningependa kujua njia yao wao ilipimwa vipi. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinataka njia ya barabarani ipimwe kwa baiskeli iliyohakikiwa kipimo chake, na kiasi cha kukosea kisizidi asilimia 0.1. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba njia ilichorwa kwenye programu ya simu. Halafu wanazikataa saa zetu.

La pili, eti mkimbiaji mwerevu hubeba maji yake. Niliwasomea maelezo yao mbele yao, ile sentensi ya kwamba hakuna haja ya kubeba maji. Kimya. Umbali wa kilomita tano kati ya vituo si wazo lililotoka kichwani mwetu, ndio umbali wa takriban uliowekwa kwenye kanuni kwa mbio zinazozidi kilomita 10, na wao ndio waliouandika kwenye tangazo lao.

La tatu ndilo lililonichoma. Eti hizi ni mbio za ridhaa, tusiwe wakali hivyo, mwenzetu anaweza kukimbia kesho kwa kujifurahisha bila kuhesabiwa. Ridhaa maana yake hatulipwi. Haina maana kwamba muda wetu hauna thamani. Mkimbiaji wa kulipwa akifutwa ana meneja na chama cha kumtetea. Sisi tuna nini zaidi ya maandishi mliyotutumia? Na mlipokuwa mnatangaza mlisema mbio ni za kila mtu, kila mwendo unakaribishwa. Basi mwendo wa dakika tisa kwa kilomita nao ni mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo hata wakimbiaji wenzangu wa siku moja hawalioni upesi. Kwenye mbio za hatua, saa moja unayopotezewa njiani unaipoteza mara mbili. Unaipoteza kwenye jumla, kisha unaipoteza kwenye mapumziko. Misuli inahitaji kula na kulala ili irudishe ilichotumia, na maumivu yenyewe hayafiki kilele siku hiyo, yanakuja kesho yake na keshokutwa. Wenzake walikuwa wameshakula na kunyoosha miguu juu wakati yeye bado anatafuta njia. Asubuhi ya hatua ya tatu alishuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, malengelenge yamepasuka chini ya vidole viwili. Akafunga viatu, akakimbia hatua yote, akamaliza ndani ya muda. Kwenye matokeo ya jumla hayupo. Medali walimpa, akairudisha mezani mbele yetu bila kusema neno, na mimi namuunga mkono.

Watakaouliza tunataka nini: hatutaki kurudishiwa fedha na hatutaki pole. Tunataka matokeo yarekebishwe, na njia ya kuyarekebisha ipo. Kwenye Tour de France ya mwaka 2019, hatua ya 19, mvua ya mawe na maporomoko yaliifunga barabara mbele ya waendesha baiskeli. Waandaaji hawakuwaandika kwamba hawakumaliza. Walichukua muda wa kila mmoja kileleni mwa Col de l'Iseran, mahali pa mwisho walipopita wote kwa haki, na mbio za jumla zikaendelea kuanzia hapo. Kama hilo liliwezekana kwenye mbio kubwa kiasi kile, na jezi ya njano, ile ya anayeongoza, ikabadilisha mtu siku hiyohiyo, hapa kwetu linashindikanaje? Mkeka wa kilomita ya 10 ulitusoma wote. Chukueni muda wa pale kwa hatua ya pili, kwa kila mtu, jumlisheni upya. Huenda timu yetu ikashuka kuliko ilivyokuwa, na tutaikubali nafasi yoyote itakayotoka, mradi iwe nafasi na si kufutwa.

NYONGEZA: Naona kuna wachangiaji wawili hapo chini wanasema mwenye kasi ndogo abaki nyumbani. Ndugu zangu, hakuna aliyefika mwisho nje ya muda kwa sababu ya kasi ndogo. Rudieni hesabu ya kilomita ya 10 na ya 15. Halafu jiulizeni: mngekuwa na jazba hii kama mshale ulioondolewa ungekuwa mbele ya kundi la kwanza?

NYONGEZA 2: Mwandaaji ametuma ujumbe kwa mwenzangu akisema suala limefungwa. Kwetu halijafungwa. Tunaandika barua kwa wote waliotia jina lao kwenye zile mbio kama wadhamini, na tunaiambatanisha na michoro ya saa. Kama ulikimbia hatua ya pili na ukapita kilomita ya 15 ukakuta meza haipo, au ukanyoosha pale njia panda, weka hapa mchoro wa saa yako, au nitumie faragha kama hutaki jina lako lionekane. Wale wawili waliopotea pamoja na dada yetu bado tunawatafuta, na kama mnasoma hapa jitokezeni kabla ya Jumatatu, barua inaondoka siku hiyo.