Santuri au CD? Calculating Infinity, dada anarudi Dar mwezi ujao

Gitaa_Bovu
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu anaishi New Jersey na anarudi Dar mwezi ujao. Kaniuliza aniletee nini. Wenzangu wangetaja simu, mimi nikamtajia Calculating Infinity, albamu ya The Dillinger Escape Plan, bendi ya metali, maana bendi yenyewe ni ya huko huko kwao. Sasa anauliza achukue santuri au CD. Halafu kuna jamaa ananishawishi niachane nayo nichukue American Nervoso, albamu ya bendi nyingine ya Marekani, Botch, ati ndiyo iliyotangulia, 1998. Ushauri tafadhali, anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Fundi_Redio
Mkuu, swali umeleta nusu. Unapigia nini? Mashine ya santuri unayo? Unakaa kwako, kwenu au umepanga?

Bibi_Besi
Na huyo dada ana begi ngapi? Msimbebeshe mtu santuri mapajani safari nzima kwa ajili ya makelele yenu.

Mzee_wa_Tandale
Nimeitafuta mtandaoni nikaisikiliza dakika mbili. Hivi hawa wanaimba au wanagombea mirathi?

Hesabu_Saba
Mzee, raha yake iko hapo hapo. Albamu yao ya kwanza, 1999, lebo ya Relapse, nyimbo 11 na hazifiki dakika 40. Msikilize Chris Pennie kwenye dramu: unahesabu moja, mbili, tatu, hujafika nne kashageuka. Mara ya kwanza nilidhani faili langu bovu, nikalifuta, nikashusha tena. Besi humo kapiga Ben Weinman, ambaye ni mpiga gitaa, kwa sababu mpiga besi wao Adam Doll alipata ajali ya gari akapooza. Ningekuwa wewe nachukua hiyo, Botch baadaye. Botch wanakuachia nafasi ya kupumua, hawa hawakuachii.

Kimara_Mwisho
Hiyo nafasi ya kupumua ndiyo inayofanya kipigo kiumize! Ukichapwa mfululizo mwili unakufa ganzi, wimbo wa sita husikii tena kitu. Botch wa Tacoma walilijua hilo. Chukua Botch.

Feri_Asubuhi
Tuanzie kwenye santuri na jua la Dar. Mwaka juzi niliagiza santuri nne kutoka Uingereza kupitia wakala mmoja wa mizigo, simtaji. Kaniambia siku kumi. Mwezi wa pili unakatika ndiyo napigiwa simu: "Bosi, mzigo umefika, ongeza hela ya uzito." Uzito gani? Kumbe wamefunga pamoja na vipuri vya gari la mtu mwingine. Nikabishana, nikalipa. Nikazichukua saa saba mchana, Februari, nikaziweka kiti cha nyuma. Buguruni nikasimama kumsubiri mteja dakika arobaini, vioo nimepandisha kwa kuogopa vibaka, mimi mwenyewe niko kivulini nakunywa soda. Nafika nyumbani, mbili zimejikunja kama chapati. Sindano inapanda kilima, inashuka, inapanda. Nikasoma kwamba ukizibana kati ya vioo viwili zinanyooka, nikazilaza chini ya kabati la vyombo wiki nzima. Moja ikanyooka nusu. Nyingine mke wangu kafunikia ndoo ya maji, na ina tundu katikati, kwa hiyo hata kufunika haifuniki.

Gitaa_Bovu
Pole mkuu. Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikata. Mashine ya santuri bado sina, nitanunua. Kwa sasa nina sabufa ya Kariakoo, ina tundu la flashi. Nimepanga Tabata, mwenye nyumba yuko mlango wa tatu.

Fundi_Redio
SABUFA! Ungesema tangu mwanzo. Hizo zinavimbisha besi tu, gitaa mbili zinazokimbizana namna ile zitatoka uji. Hiyo hela ya mashine nunua hedifoni nzuri za waya, na mwenye nyumba atalala. Dada alete CD, uihamishie kwenye flashi. Ila una kompyuta yenye sehemu ya kuingizia CD?

Mzee_wa_Tandale
Nauliza kitu. Mnasifia kasi ya Wamarekani, na singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, watoto wa huku wanaicheza na ndala. Nani aliwahi kuagiziwa singeli kwenye begi?

Hesabu_Saba
Kasi siyo hoja, Mzee. Singeli inazunguka, ukishaipata umeipata. Hawa wanakata katikati ya neno.

Bibi_Besi
Wazungu wameagiza sana tu, Mzee. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso 2017, singeli ya Mburahati, na ikauzwa nje. Lebo hiyo hiyo 2020 ikatoa albamu ya kwanza ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, ukali wake unawatosha nyote humu. Gitaa_Bovu, kwa nini usianze na jirani?

Kimara_Mwisho
Duma ni kitu kingine, mashine nyingi. Tusichanganye.

Bibi_Besi
Nani kasema gitaa lazima? Kalete risiti.

Hesabu_Saba
Turudi kwenye mada. Mwimbaji Dimitri Minakakis aliimba albamu moja tu nzima ya Dillinger, hiyo Calculating Infinity, kisha Greg Puciato akaingia 2001. Bendi ikafungwa 2017, halafu 2024 wakamrudisha Dimitri jukwaani kuipiga upya, imetimiza miaka 25. Kwa hiyo ukiikosa hii, sauti ile huipati kwenye albamu nyingine.

Feri_Asubuhi
Puciato anamzidi mbali.

Hesabu_Saba
Usinianzishe.

Gitaa_Bovu
Wakuu, dada yuko dukani sasa hivi. Kanitumia picha ya santuri, anasema jalada ni zuri na CD hazioni. Nimjibu nini?

Fundi_Redio
Kompyuta, mkuu. Unayo au huna?

Mzee_wa_Tandale
Mwambie alete simu.