Kukaa kikao na mwizi wa ng'ombe: ni busara au ni kujidhalilisha?

Kijana wa Bahi:
Ndugu zangu, mwezi uliopita ng'ombe 14 wa baba yangu mdogo waliibwa zizini usiku. Siku ya tatu alikuja mjumbe akisema kwamba watarudi iwapo polisi hawatahusishwa. Wazee waliitisha kikao chini ya mbuyu, na mmoja wa vijana waliotajwa kuhusika na wizi huo akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akinywa togwa yetu huku akitutazama usoni kana kwamba ni mgeni wa harusi. Ng'ombe 11 walirudi. Habari za wale watatu hakuna aliyethubutu kuuliza. Baba mdogo anashukuru, lakini mimi usingizi haupatikani. Je, tumeokoa mali, au tumewaonyesha wezi njia?

Mwalimu wa Chang'ombe:
Pole sana, mdogo wangu. Wazee wako usiwahukumu upesi. Majirani zetu wa Msumbiji walipigana miaka 16, na waasi wa Renamo walituhumiwa kuua raia na kuteka watoto. Hata hivyo serikali ya Frelimo iliketi nao Roma, chini ya usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, hadi Rais Chissano na Dhlakama, kiongozi wa Renamo, walipotia saini mkataba wa amani tarehe 4 Oktoba 1992. Katika uchaguzi wa mwaka 1994 Renamo walipata viti 112 kati ya 250 bungeni. Nakiri kwamba jambo hilo liliwachoma wengi waliofiwa, ila wakulima walirudi mashambani.

Wakili wa Nkuhungu:
Mwalimu, nakubaliana nawe nusu tu. Huko Lomé, Togo, katika mkataba wa amani wa Julai 1999, Foday Sankoh, kiongozi wa waasi wa Sierra Leone, alipewa msamaha, kisha uenyekiti wa tume ya madini wenye hadhi ya makamu wa rais, ilhali almasi ndizo zilizokuwa zikiwalisha wapiganaji wake. Huko ni kumkabidhi fisi bucha. Mei 2000 watu wake waliteka mamia ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mimi siulizi kama mlizungumza na mwovu, bali mlimpa nini, na mlibaki na nini mkononi cha kumbana akivunja ahadi. Nyinyi mlitoa ukimya wa polisi, na huo haukuwa wa baba yako mdogo kuutoa, kwa kuwa jinai ni shauri la Jamhuri.

Mama Kondoa:
Nami naongeza swali moja. Makubaliano ya amani ya Burundi, ambayo Mwalimu Nyerere aliyasimamia hadi alipofariki na Mzee Mandela akayaendeleza, yalitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 bila makundi mawili makubwa yenye silaha, na vita vikaendelea. Hapo kwenu, mwanangu, ni nani hakuitwa chini ya mbuyu?

Kijana wa Bahi:
Shikamoo, mama. Hakuitwa jirani yetu mjane, ambaye mbuzi wake 6 waliondoka usiku uleule. Hana ndugu wa kiume hapa kijijini, na jina lake halikutajwa kikaoni hata mara moja. Nimemweleza baba mdogo kwamba kesho nitafuatana na mama huyo hadi kwa mtendaji wa kijiji, kisha polisi. Hajanijibu, ila ameniomba nisubiri kwanza ng'ombe wake wapigwe chapa.